Ofisi ya Bingwa wa Dharura

Dada yangu ni daktari bingwa wa dharura. Watu wakisikia hivyo huitikia kwa heshima, kisha huuliza, "Sawa, lakini hasa anatibu nini?" Anatibu kilichoingia mlangoni. Aliyegongwa na gari ni wake, mtoto aliyemeza sarafu ni wake pia. Kazi hiyo aliisomea kwa muda mrefu hadi shangazi yetu akawa anawaambia majirani kwamba ameajiriwa chuoni.

Vyeti anavyo. Cha udaktari, cha ubingwa, na leseni, vyote vimegongwa mihuri mpaka maandishi yanachungulia kwa shida. Kilibaki kitu kidogo tu: bima ya afya ya serikali imtambue. Isipomtambua, mwenye kadi ya bima akitibiwa naye, hospitali hailipwi hata senti, na wagonjwa wa hospitali ile karibu wote wana kadi. Mkuu wa hospitali alimshika bega akamwambia, "Daktari, tunakupenda sana. Ila bima wakikukataa, itabidi tukuhamishie takwimu." Yaani mtu anayejua kurudisha pumzi ya binadamu akakae kuhesabu vitanda.

Lakini bima haikatai watu ovyo, jamani. Ina utaratibu. Hutuma mkaguzi amwone bingwa kwa macho yake, ofisini kwake. Mkaguzi akaja, mtu nadhifu, viatu vinang'aa, akauliza ofisi ya bingwa wa dharura iko wapi. Muuguzi akampeleka chumba cha dharura. Dada alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, anakandamiza kifua cha mzee mmoja, jasho linamtiririka.

"Yule pale," muuguzi akasema.

Mkaguzi akamtazama dada, akazitazama karatasi zake. "Mimi nimeagizwa nimkute ofisini," akasema, akaenda zake.

Majibu yakaja: bingwa hana ofisi, hana mlango wenye jina lake, hana wagonjwa waliopangiwa miadi. Anapewa nafasi ya pili na ya mwisho. Hapo pa miadi nilirudia kusoma, maana nilidhani macho yangu yana kasoro. Kumbe mtu akitaka kupata ajali inabidi aweke miadi mapema.

Dada alimeza hasira zake. Mimi zangu zilinishinda, nikafoka jikoni mpaka mama akaniambia niende nikawafokee wenye bima yao. Mkuu wa hospitali, mtu wa mawazo, akaagiza stoo ya mashuka ifagiliwe. Meza ikaingizwa, jina la dada likabandikwa mlangoni, na pembeni likawekwa ua la plastiki, kwani bingwa asiye na ua atatambulikaje? Wagonjwa wa miadi ikabidi tuwe sisi ndugu.

"Huo ni uongo, mama," dada alisema. "Siuwezi."

"Uongo wameuanza wao," mama akamjibu. "Wewe kaa tu kitini, mwanangu."

Nikapewa kizunguzungu. Shangazi alipewa mgongo, akaukataa, eti mgongo ni wa wazee, akachukua kifua.

Siku ikafika. Mkaguzi aliusoma mlango akatabasamu kama aliyekutana na ndugu yake waliyepoteana. Dada alikuwa kitini, koti limenyooshwa pasi, na sijawahi kumwona mnyonge vile. Ilibaki mkaguzi ashuhudie wagonjwa wa miadi wakihudumiwa, kisha atie sahihi. Nikaingia na kizunguzungu changu. Dada akanishika mkono kupima mapigo, akaninong'oneza, "Acha kuyumba hivyo, unanitia aibu."

Ndipo muuguzi alipoingia bila hodi. "Daktari, kuna dereva wa lori, kifua kimebanwa na usukani. Hapati hewa, anatuponyoka!"

Zamu ile alikuwepo daktari mwingine, mama mmoja mpole, daktari wa kawaida anayetambuliwa na bima tangu zamani. Lakini hakuwahi kumwekea mtu mrija wa kutoa hewa kifuani, naye ndiye aliyemtuma muuguzi.

"Daktari," mkaguzi akasema, "ukitoka kabla hatujamaliza, siwezi kuandika kwamba nimekukuta."

Nadhani aliamini kabisa kwamba hiyo ni sababu ya mtu kubaki kitini. Alipomaliza sentensi, dada alikuwa ameshafika koridoni, anakimbia.

Tulisubiri, tukachoka. Mkaguzi akatoka nje, akamkuta shangazi benchini, bado ameshikilia kifua chake cha kuazima.

"Mama, huyu daktari amekwenda wapi?"

"Amekwenda kazini, mwanangu."

"Kazini kwake si hapa?"

"Hapa? Hapa ni stoo."

Safari hii taarifa ilikuwa fupi: bingwa wa dharura hakuwepo ofisini, ilisemekana ana dharura. Nikiikumbuka hucheka, kisha hutamani kuvunja kitu.

Takwimu hawakumpeleka. Mkuu wa hospitali alipata wazo jingine: dada abaki chumba cha dharura kwa mshahara wa daktari wa kawaida, na kila faili litiwe sahihi na yule mama mpole, ili bima ilipe. Dada alikubali kabla mkuu hajamaliza kueleza. Tulimgombeza nyumba nzima. Alisema tu kwamba ana usingizi.

Dereva alipona. Siku ya kuruhusiwa alikuja na mkewe kumshukuru daktari aliyemwokoa. Nilikuwepo, nimempelekea dada chakula. Muuguzi mgeni akafungua faili, akasoma jina, akawaonyesha yule mama mpole. Mke wa dereva akamkumbatia, akalia begani mwake. Mama wa watu akafungua mdomo aseme ukweli, dada akamkazia macho, naye akaufunga.

Dereva akamgeukia dada. "Na wewe nesi, ahsante sana. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa," dada akamjibu. "Usibebe vitu vizito, sawa?"

Niliwachukia wote mle ndani, dereva akiwemo. Dada wala hakuniangalia. Alikuwa akimfuata dereva kwa macho, jinsi anavyokwenda na kuvuta pumzi bila taabu, huku anatabasamu peke yake.