Tetea Aliyebaki

Daktari wa mifugo ninayembeba kwenye bodaboda yangu hupasua polepole kuku waliokufa, kama anafungua furushi la mtu mwingine. Kote Kibakwe maneno yake ni yale yale, kwa sauti ya chini: huu ni ugonjwa wa Mareksi, kirusi huingia kwenye seli zenye afya, kikazigeuza kuwa za saratani, ini likajaa uvimbe. Kuku aliyepona hubaki nacho, akawaambukiza vifaranga kwa vumbi la manyoya yake. Kisha hunawa mpaka viwikoni, huku akitazama pembeni.

Leo banda la Mama Dorkasi limebaki na tetea mmoja. Mama alimfunga miguu, akamkabidhi daktari.

"Siwezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Huyu kapona, atawatagia wanao. Utamtunza?"

Nilidhani atakataa. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Nitamtunza, mama."

Tulipopita kilima, nyumba ikawa haionekani tena, aliniomba nisimame. Alimchinja yule tetea, akachimba shimo, akamfukia, akarudi na udongo vidoleni. Safari hii hakunawa.

"Ukipita kwa mama wiki ijayo," aliniambia, "mwambie tetea wake ameanza kutaga."