Mwanaidi Ameniuliza Mbele ya Darasa Zima

Leo nimepigiwa makofi kwa kitu ambacho hakikuwa maigizo.

Mimi na rafiki yangu Mwanaidi tunajifunza kuimba na kuigiza hapa Lushoto. Kwenye igizo letu la nyimbo sisi ni dada wawili wanaoagana. Yeye anauliza kwa kuimba, mimi namjibu kwa kuimba.

Leo hakuimba. Alinikazia macho, akasema, "Dar unaenda lini?"

Jamani!

Ni kweli nimepata chuo Dar. Sikuwa nimemwambia. Sijui kasikia kwa nani.

Mwalimu akaruka kwenye kiti. "Hapo hapo! Uchungu huo usipotee!"

Nikaimba jibu langu lilelile la kwenye igizo. Darasa zima makofi. Mwanaidi akachukua sweta lake, akatoka.

Mwalimu ananiambia, "Siku ya onyesho mfanye vilevile."

Vilevile vipi?

Sasa niko sebuleni kwa kina Mwanaidi. Nimemwamkia mama yake shikamoo, kanimiminia chai. Mwanaidi yuko jikoni, anaosha vyombo kwa kishindo mpaka mama anashangaa.

Ndiyo kwanza ameniita: "Wewe! Njoo huku unijibu. Na usiimbe."

Naanzaje, jamani? Semeni haraka, nishanyanyuka.