Mihogo Juu ya Kioo cha Jua

Iko siku moja ya kule Mutshatsha, upande wa Kolwezi, imenikaa kichwani, mwanangu, mpaka leo naisikia harufu yake. Keti kidogo kabla hujaenda kwenye kazi yako ya chanjo. Mimi sikumaliza hata shule ya msingi, unajua, na kamyo hizi, malori unayoyaona uani, nilizipata kwa jasho langu, hakuna aliyenipa. Kwa hiyo sikusomei kitabu. Nakuambia niliyoyaona.

Nchi ilikuwa ingali Zaïre. Nilikuwa kijana, dereva wa jipu lililovuta rulote, ile nyumba ndogo ya magurudumu. Ndani ya rulote alikaa Mama Veroni, muuguzi, na frigo, jokofu la chanjo ya surua. Frigo ilikula betri, na betri ilikula jua kwa kioo kipana cheusi kilicholazwa juu ya paa. Kwa wakati ule kilikuwa kitu kipya kabisa. Fundi wetu, Kalenga, aliyekuwa ametoka kufanya kazi kiwandani Kolwezi, alikionea fahari kana kwamba yeye ndiye aliyekiunda.

Tulisimama Mutshatsha karibu na reli, kando ya nyumba ya Kambo Ngoie. Kambo, kwetu, ni bibi. Tulikuwa tunangoja siku ya soko, ndipo bamama wa mashambani na wa kuchoma makaa washuke na batoto wao kupigwa sindano. Kambo Ngoie alikuja na maji ya kunywa, mujukuu wake Kaumba mgongoni, akatazama juu.

"Batoto, hii kioo iko ya nini?"

Kalenga akacheka. "Kambo, hiyo iko mambo ya kuran, ya umeme. Ata nikueleze, utasikia nini?"

"Nitasikia chenye utasema."

"Enda utupikie bukari, kambo. Ile ndiyo kazi yako."

Nikacheka na mimi. Naye akacheka kidogo, kwa adabu tu, akaenda zake. Na kweli alitupikia. Bukari, ugali wetu wa mihogo, mweupe, laini, na sombe, majani ya muhogo, pembeni. Tulikula siku zote zile mpaka tukalegeza mikanda.

Asubuhi ya soko Mama Veroni akatuita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Taa ya frigo imezimika. Kipimajoto kimepanda. Nje, bamama wameshaanza kupanga mstari.

Kalenga akavua shati. Akatazama fyuzi, nzima. Akavuta nyaya moja moja, hakuna iliyokatika. Akasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Bado betri imelala.

"Imechoka," akasema. "Inataka dawa."

Akatoa bidoni, dumu la asidi. Mwanangu, sisi wa Kolwezi tulikuwa na ugonjwa mmoja. Asidi ya kiwandani, ile ya kuoshea mawe ya shaba, tuliiamini kwa kila kitu. Boliti imekwama, asidi. Choo kimeziba, asidi. Mtu aliyefanya kazi kule hakukosa chupa nyumbani.

"Kalenga," Mama Veroni akasema, "betri inakunywaka maji safi. Haiombi asidi."

"Mama, we piga sindano. Betri uniachie mi."

Akamimina. Betri ikachemka kama sufuria, harufu ikatuchoma pua, tukatoka nje mbio tunakohoa. Mimi nikapanda ngazi ya nyuma, nitafute hewa tu.

Nikafika juu, nikatazama pale kioo kilipolazwa.

Kioo hakipo. Naona mihogo. Vipande vyeupe vya mihogo iliyolowekwa, vimepangwa safi, ukingo mpaka ukingo, hata pa kuweka kidole hapana.

Kambo Ngoie alikuwa amesimama chini. "Iko moto kupita paa yangu," akasema. "Inakausha mbio. Nilikuwa natafuta bunga ya bukari yenu."

Bukari yetu! Tulikuwa tumekula jua la frigo, tukashiba, tukalala.

Tukaondoa mihogo. Jua likapiga kioo, kali kabisa, lakini betri haikulipokea tena. Asidi chafu ya kiwanda ilikuwa imeshaiua. Bila ile asidi ingeamka yenyewe. Tukafunga betri ya jipu, frigo ikaanza kunguruma, tukashangilia. Mama Veroni akatuonyesha kipimajoto. Chanjo ilikuwa imelala kwenye joto usiku kucha, imeharibika.

Kalenga akamnong'oneza, "Piga tu, mama. Nani atajua?"

Mama Veroni alimtazama mpaka yule mwanaume akainamisha kichwa. Kisha akatoka, akawaambia bamama warudi nyumbani, akamwaga chanjo yote mchangani mbele yao. Wengine walikuwa wametembea toka jana yake.

Kambo Ngoie peke yake ndiye aliyesema, na alinitazama mimi, si Kalenga.

"Mi niliuliza. Nani alinijibu?"

Tulirudi mvua zilipokwisha, na chanjo mpya, betri mpya. Surua ilikuwa imetutangulia. Kambo alikuja hadi kwenye rulote, na kitenge chake mgongoni kilikuwa bapa. Sikuuliza Kaumba yuko wapi.

"Sasa unieleze," akasema. "Hii kioo iko ya nini?"

Nikamweleza. Jua, kioo, waya, betri, baridi, chanjo, mutoto. Maneno ya mtu asiyesoma. Alisikia yote, hakuna hata moja lililompita. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, akafungua kitenge kile, akapangusa vumbi kwenye kioo mpaka kikawa safi.

Basi shika hili, mwanangu. Kitu kikilala, usikimbilie kukipa nguvu. Kwanza fuata njia ya chakula chake toka mwanzo, na upande juu ukaone kwa macho. Na mtu akikuuliza kazi ya kitu chako, hata awe mama wa jikoni, mjibu siku ileile, mpaka asikie. Mwenye kuuliza ni mlinzi wako. Ukimcheka, umemfukuza.

Mungu akupe macho ya kupanda juu na ulimi wa kumjibu kila anayeuliza. Na kila mama atakayekuletea mutoto mgongoni, arudi naye nyumbani. Enda vizuri.