Magoli ya Upande wa Kushoto

Karambu alipowaambia wazazi wake kule Ruiri kwamba anaenda Embu kusomea usimamizi wa michezo, baba yake alitafuna mirungi yake, kisha akauliza kama mpira nao siku hizi unahitaji mchungaji. Karambu alienda hata hivyo. Chuoni alifundishwa kuandaa mashindano, kutafuta wafadhili na kutunza wachezaji, lakini somo lililomwingia damuni lilikuwa lile la jinsi mechi zinavyouzwa. Mwalimu wao, Bi Lydiah, aliwaambia kwamba kipa aliyenunuliwa hafungwi ovyo ovyo. Hufungwa pale panapotakiwa. Tangu hapo Karambu hakuutazama tena mpira kwa raha. Beki akiteleza, watu wengine walitazama mpira. Yeye alimtazama beki usoni.

Kwa hivyo alipopelekwa Kibugu kwa mafunzo ya kazi, awe meneja msaidizi wa timu ya Mlima Rangers, macho yake yalikuwa yameshanolewa. Kocha Elphas hakukawia kuyaonyesha pa kuelekea.

"Wewe umesomea haya mambo," alimwambia kando ya uwanja, ukungu ukiteremka kutoka msituni. "Mtazame Mugendi, halafu uniambie kama ninaota."

Mugendi alikuwa kipa wao, kijana mrefu, mpole, aliyechuma chai asubuhi na kucheza jioni. Msimu uliopita walimwita Ukuta. Msimu huu ukuta ulikuwa na tundu. Siku ya kwanza Karambu alimwona akiruka upande wa kulia na kupangua shuti ambalo kila mtu alishalihesabu goli. Muda mfupi baadaye mpira ukaja kutoka kushoto, wa polepole, wa kuokotwa tu. Ukapita kando ya bega lake. Mikono yake iliinuka mpira ukiwa tayari wavuni. Mechi iliyofuata mambo yakawa yale yale: kulia simba, kushoto mlango wazi.

Pale panapotakiwa, Karambu alijiambia.

Alianza kumfuatilia. Mugendi hakukaa tena na wenzake baada ya mazoezi. Jioni moja Karambu alimwona mwanamume mwenye jaketi jeusi akimngoja Mugendi na pikipiki kwenye kituo cha kupimia majani chai, wakaondoka bila kumsalimia mtu. Karambu alipomuuliza yule ni nani, Mugendi alitazama pembeni.

"Ni mtu wa kwetu tu, dada."

Jibu lile lilimkaa Karambu kooni kama mwiba wa samaki. Lakini kocha naye alianza kumtia wasiwasi. Kila jioni aliuliza kama amepata la kusema, na kila alipouliza, macho yake yalikimbilia benchi, alikoketi Kobia, kipa wa akiba. Kobia alikuwa mtoto wa dada yake. Karambu akawa hajui tena nani wa kumwogopa.

Alasiri moja, badala ya kungoja, alishika njia ya miguu kati ya mashamba ya chai, akielekea kule pikipiki ilikokuwa imepinda. Aliwakuta kwenye uwazi karibu na msitu. Mwenye jaketi alikuwa akimrushia Mugendi mpira, tena na tena.

"Geuza kichwa kwanza," alikuwa akisema. "Kichwa, kisha mikono."

Mugendi aligeuza kichwa kama kuku anayechungua punje. Mpira ulimgonga sikio. Akauokota, akaurudisha.

Karambu alitoka kwenye michai, akasimama karibu kabisa, upande wa kushoto wa Mugendi. Mwenye jaketi alimwona papo hapo. Mugendi hakumwona.

"Mugendi," Karambu alisema.

Kijana aligutuka, akazunguka mwili mzima kumtafuta.

Hata hapo shaka haikumwachilia Karambu. Alimwambia afunike jicho la kulia, akainua vidole mbele yake. "Ni vingapi?"

"Usinitese, dada," Mugendi alisema.

Mwenye jaketi ndiye aliyeeleza. Jina lake lilikuwa Njagi, kaka mkubwa wa Mugendi. Walikuwa wakipogoa chai, kijiti kikaruka na kumchoma mdogo wake jicho la kushoto. Kwanza liliuma, halafu likaacha kuuma, na lilipoacha kuuma likaacha na kuona. "Nimemsihi aseme," Njagi alisema. "Hasikii."

"Unajua wanavyosema juu yako?" Karambu aliuliza.

"Najua. Kwamba nimeuza mechi." Mugendi aliketi juu ya mpira. "Mwizi wanamchukia, lakini bado wanamhesabu kuwa mchezaji. Mwenye jicho moja watamwonea huruma, basi. Nikaona heri wanichukie."

Karambu aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Alitaka kuomba msamaha, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa ya kazi aliyosomea. "Na hili lililobaki likipigwa mpira?"

Njagi aliinamisha kichwa, kana kwamba swali hilo alikuwa amelala nalo kwa muda mrefu.

Mugendi aliwaambia wachezaji mwenyewe, Karambu akiwa amesimama kando yake. Wengi walitazama chini. Kocha Elphas akauliza ni daktari gani aliyethibitisha. Basi Karambu akampeleka hospitalini Embu, na daktari akasema la kushoto halirudi, la kulia lilindwe kama yai. Kobia akavaa glavu.

"Kocha, ulikuwa unajua?" Karambu alimuuliza Elphas siku ya mechi.

"Kujua nini?" Alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, na alizifunga kwa muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji. "Nilikuambia umtazame. Ukamtazama."

Karambu hakupata zaidi ya hayo, wala hakupata baadaye.

Kibugu bado kuna watu wanaoshikilia ile habari ya mechi kuuzwa, kwa sababu ni tamu zaidi kuisimulia. Mugendi alikaa nyumbani kwa muda. Kisha jioni moja akaja akasimama nyuma ya lango, mikono mfukoni, akaanza kumwambia Kobia mahali pa kuweka miguu. Kobia alimtazama kocha kwanza. Halafu akasogeza miguu.