Kuku aliyerudishwa getini ndiye aliyemwondoa mama yangu Mbeya

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mvivu. Ila juzi nimepita kwenye uzi wa jamaa anayeuliza afanyeje na jirani anayelalamikia kuku wake. Nimesoma comments zote. Nusu mnamwambia akaze, nusu mnamwambia achinje yaishe. Nikafunga simu, nikashindwa kulala vizuri, ndiyo maana leo naandika.

Ninachosimulia kimetokea ndani ya geti langu. Wale wa "hii chai" karibuni, ila mje na vikombe vyenu, kwangu sukari imeisha.

Twende.

Mimi ni fundi umeme wa magari, napiga kazi Mwanjelwa hapa Mbeya. Nyumba yangu ipo kwenye viwanja vile vya kubanana, ukikaanga kitunguu jirani anajua leo ni maharage. Naishi na mke wangu na mtoto wetu Eliya.

Kwetu hasa ni Iringa, Kalenga. Baba alipofariki mama akabaki peke yake kwenye nyumba. Dada yangu kaolewa Dar, mimi nipo huku. Mama ana presha, na siku moja ilimwangusha jikoni. Akalala pale chini mpaka mwanamke mmoja aliyekuja kuomba chumvi akamkuta.

Niliposikia nilifunga ofisi, nikapanda basi kwenda kumchukua. Nilisema sitaki tena mama yangu alale kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kusikia akianguka. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, wakuu. Asiwe peke yake.

Akakubali, ila kwa sharti kwamba kuku wake waje naye.

Nikamwambia mama, Mbeya kuku wamejaa, nitakununulia wengine. Akaniangalia kama vile nimemwambia nitamnunulia mjukuu mwingine. Basi tukasafiri na tenga la kuku kwenye buti, na konda alinisema mpaka Makambako.

Sasa hapa lazima nieleze kitu, maana bila hiki hamtaelewa kilichotokea.

Kuku wa mama hawakuwa wa mradi. Hakuuza hata yai. Tetea mmoja alipewa na shangazi yangu tulipomaliza msiba wa baba. Mwingine ni kizazi cha kuku aliyekabidhiwa na mama mkwe wake siku anaingia kwa baba, kizazi juu ya kizazi, na alikuwa anaweza kukutajia mama na bibi wa huyo kuku.

Kwetu mgeni wa heshima akija kwako mara ya kwanza haondoki mikono mitupu. Anafungiwa kuku miguu, anapewa kwa mikono miwili. Maana yake ni kwamba nimekuona, na kuanzia leo wewe ni mtu wa hapa. Hata mkiwa na mgogoro, kuku akishapokelewa watu wanaanza kuongea vizuri.

Sijawahi kuona mtu anakataa kuku. Tangu nazaliwa sijawahi. Kwa hiyo sikuwahi hata kujiuliza akikataliwa inakuwaje.

Maisha yakaanza, na nawaambia ukweli yalikuwa matamu. Mama alipendwa mtaani, wakamwita Bibi Eliya. Jirani wa ukuta wa nyuma ni Mnyakyusa, mwalimu, tunamwita Mama Doreen. Yeye akamfundisha mama "ugonile," mama akamfundisha "kamwene" ya Kihehe, asubuhi wanasalimiana kwa kubadilishana lugha huku wakicheka kila mtu upande wake. Doreen mwenyewe, katoto kadogo, alikuwa anakuja kuokota mayai na Eliya.

Presha ya mama ikatulia. Mke wangu alikuwa anamhesabia vidonge na chai anamwekea sukari kiduchu, mama analalamika kwamba anapewa chai ya mgonjwa. Nilikuwa nikirudi kazini nasikia anawagombeza kuku kwa Kihehe, nafsi inatulia.

Halafu Doreen akaanza kuumwa kifua.

Baridi ya Mbeya mnaijua, mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka kwenye soksi. Hospitali wakasema ni pumu, mtoto akae mbali na vumbi na manyoya. Na banda letu, wakuu, lilikuwa limeegemea ukuta ule ule wenye dirisha la chumba cha mtoto.

Mama Doreen alikuja kwangu kistaarabu kabisa, akaniomba nilihamishe. Nikamwambia sawa, nipe muda, nina magari mawili mezani. Magari yakawa manne. Mtoto akazidiwa, wakamlaza. Mama Doreen aliporudi naye kutoka hospitali alinyoosha moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Simlaumu. Mtoto wangu angekuwa hapumui ningeenda mbali zaidi.

Ila siku ile niliwaka. Nilisema maneno mpaka mke wangu akafunga madirisha.

Mwenyekiti akaja na afisa afya, kijana mdogo, mpole, ana adabu zake. Akaangalia banda, akaangalia ukuta, akatueleza sheria ndogo za jiji zinavyosema kuhusu mifugo kwenye makazi. Kuku wasizurure, banda lisiwe karibu na nyumba ya mtu, usafi uwe wa kila siku. Nilijiandaa kwa vita, lakini yule kijana akasema kitu cha maana. Akasema hamkatazwi kufuga. Punguzeni idadi, jengeni banda upande ule mwingine, sakafu iwe ya saruji, nitarudi kukagua.

Nikapoa. Nikampa mkono.

Tunaagana, mama akatoka uani.

Amebeba jogoo, yule mwekundu mkubwa ambaye hata Krismasi alikataa achinjwe. Amemfunga miguu kwa kipande cha kitenge. Akapiga goti kidogo, akamnyooshea afisa kwa mikono miwili.

"Baba, umefika kwangu, umeongea vizuri na mwanangu. Pokea."

Yule kijana akarudi nyuma. Hatua kabisa, na mikono akaificha mgongoni.

"Hapana mama. Hii mimi siwezi kupokea."

Mama akadhani anaona haya kama vijana wa kwetu, akamsogelea. Kijana akarudi nyuma tena. Mwenyekiti akadakia kwa sauti, "Bibi, unataka kumfungisha mtoto wa watu? Hiyo ni rushwa hiyo!" Watu waliokuwa wamejazana getini wakacheka.

Mama akabaki amemshika jogoo. Mimi ndiye nikamchukua mikononi mwake.

Walipoondoka nikakaa naye, nikamweleza. Mama, yule ni mtumishi wa serikali, amekuja kwa sababu ya malalamiko, akipokea chochote anapoteza kazi. Hakukukataa wewe, alikataa rushwa.

"Kuku ni rushwa?"

"Huku mjini ndiyo, mama."

Akamtazama yule jogoo. Halafu akaniambia, "Lakini wewe ulimwona alivyorudi nyuma."

Nikachukulia poa. Nikasema ataelewa tu.

Wiki ile ile nikaanza banda jipya upande wa barabarani. Tofali, waya, sakafu ya saruji, mfereji wa kusafishia. Mafundi wenzangu walinicheka, wakasema kuku wa Mhehe wanalala pazuri kuliko mafundi wa Mwanjelwa. Nilitaka mama aone kwamba hapa ni kwake.

Nikiwa kwenye ujenzi, mama akafanya jambo lake bila kuniambia. Alichukua yule tetea wa kizazi cha mama mkwe wake, akampeleka kwa Mama Doreen, ampikie mtoto supu. Hakumkuta, akamwacha kwa binti wa kazi.

Jioni Mama Doreen akaja getini na yule kuku. Hakuingia. Akamweka chini pale pale, akasema, "Bibi asante, ila sitaweza," akageuka akaondoka haraka. Hata usoni hakumwangalia.

Mimi nilikuwa nachanganya zege, niliona yote. Nilidhani amekasirika bado, nikasema moyoni hawa wanawake watapatana wenyewe.

Mama akamwinua kuku, akamfungua miguu, akamwachia. Akarudi kwenye ungo wake wa mchele akaendelea kuchambua.

Tangu siku hiyo akaanza kupungua. Sijui niseme vipi. Akaacha kwenda jumuiya. Akaacha kuongea ukutani. Watoto wa mtaani wakija anawaambia kwa upole nendeni mkachezee kwenu. Akatenga kikombe chake na sahani yake, anaviosha mwenyewe. Mke wangu akamuuliza mama kuna nini, anasema hakuna.

Mpaka siku nimemkuta Eliya analia kwamba bibi hataki kumpakata.

Nikamfuata chumbani. Nikamwambia mama, leo utanieleza.

Akaniambia hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema. "Baba, mimi ni mwanamke mzee, mjane, nimetoka mbali na nina kuku. Mtoto wa watu anaumwa kifua. Mkubwa wa serikali kaogopa kushika kitu kilichotoka mkononi mwangu. Jirani kaogopa. Unafikiri wananionaje? Kesho yule mtoto akizidiwa, watasema nani?"

Wakuu, ndipo nikaelewa.

Mama yangu alikuwa anaamini mtaa mzima unamwona mchawi. Na alikuwa amelibeba hilo peke yake wiki zote zile, anakula na sisi, anatuitikia.

Nilimwapia. Mke wangu alimwapia. Nikamwambia nitamwita Mama Doreen aje aseme mwenyewe, akanishika mkono kwa nguvu akanikataza. Kwamba mtu hamwiti mwenzake kumuuliza hivyo, ukiuliza umeshatangaza. Nikaheshimu.

Banda likaisha. Afisa akaja kukagua, akasifia, akasema hata wengine waje kuiga. Mama alikuwa ndani, hakutoka.

Baada ya hapo akaniambia anarudi Kalenga. Nililia, sioni aibu kusema. Nikamkumbusha alivyoanguka jikoni. Akasema bora nianguke kwetu.

Nikamrudisha na kuku wake kwenye tenga. Nikatafuta binti wa kukaa naye, akakaa kidogo akaolewa. Nikawa napiga simu kila jioni. Alikuwa na sauti tofauti kabisa, kuku wanasikika nyuma. Nikimwambia mama rudi, anajibu, "Huku naamkiwa, mwanangu." Na kila mara lazima amuulizie Doreen, kifua kinaendeleaje. Nikimwambia bado anakohoa anasema maskini, mwambieni mama yake asimwogeshe jioni.

Siku moja asubuhi majirani wa Kalenga waliona jua limepanda na kuku wanapiga kelele bandani, hawajafunguliwa. Wakaenda kugonga.

Alikuwa jikoni, kwenye sakafu, kama ile mara ya kwanza. Safari hii hakuna aliyekwenda kuomba chumvi.

Tulimzika pembeni ya baba. Sitaandika zaidi hapo.

Niliporudi Mbeya Mama Doreen alikuja kutoa pole. Akakaa na sisi sebuleni, na katika kuongea akasema kitu ambacho kimenimaliza.

Akasema bibi alimletea kuku wa supu na ilimbidi amrudishe, na bado inamuuma. Kumbe baada ya yale ya afisa, mwenyekiti alimwonya asipokee chochote kutoka kwetu mpaka shauri liishe, la sivyo itaonekana tumehongana na malalamiko yake yatatupwa. Na yeye mtoto alikuwa hoi. Akarudisha kuku, akaondoka mbio kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka, hakutaka bibi amwone.

Ni hivyo tu, wakuu. Sentensi moja ambayo ingesemwa pale getini, mama yangu angekuwa hapa anamgombeza mke wangu kuhusu sukari.

Halafu akaniuliza, "Baba Eliya, bibi aliondoka na kinyongo na mimi?"

Nikamwambia hapana, alikumbuka nyumbani tu. Akashusha pumzi, akafuta macho, akasema ndaga, yaani asante kwa kwao, Mungu mkubwa.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Sheria za jiji hazikuwa adui, zilitupa hadi nafasi ya kubaki na kuku. Tulichokosa ni mtu wa kukaa chini na yule mama mzee mpaka aelewe kwa nini mkono umerudi nyuma. Ukiwa na mzazi umemtoa kijijini, usimwachie auelewe mji peke yake kwa kuangalia watu wanavyofanya. Na wewe unayekataa kitu cha mzee, hata kama una sababu nzito kiasi gani, ingia ndani, kaa, itaje hiyo sababu.

Sasa nipeni mawazo, na matusi nitayapokea. Mama Doreen bado ni jirani yangu. Doreen bado anakohoa, namsikia kupitia ukuta. Kila asubuhi mama yake ananisalimia vizuri kabisa, na mimi namwitikia, huku najua mama alikufa akiamini nini juu yake.

Nyie mngemwambia?