Kaburi la Kukhu Lina Nyota Tano

Admin, jina langu lifiche, lakini tangazo hili lisome kwa sauti nzito kama ya redioni wakati wa matangazo ya vifo. Kwa masikitiko makubwa, nawaarifu ndugu, jamaa na marafiki wa Kitale, Bungoma na kwingineko kwamba mimi, mama wa miaka hamsini na tatu, fundi cherehani wa Matisi hapa Kitale, nimetolewa kwenye grupu ya familia. Nilitolewa Jumapili watu wakitoka kanisani. Nimeacha humo maombi ya asubuhi ambayo nilikuwa sijayasoma.

Haya, chekeni kwanza. Mimi pia nilicheka, mpaka nikalia.

Nyanya yangu mzaa baba, kwetu tunasema Kukhu, alikuwa mke wa pili huko Kabuchai, Bungoma. Jina lake ndilo nililopewa, kwa hivyo silitaji. Watoto wa mke mkubwa wamesema maisha yao yote kwamba Kukhu alitoroka na mchuuzi wa vitunguu, akafia Cheptais. Marehemu baba alikataa. Alisema mama yake alikufa nyumbani, akazikwa nyuma ya nyumba yake, chini ya jiwe kubwa linaloangalia mto, na yeye alikuwepo, ameshika nguo ya shangazi. Lakini nani alimwamini mtoto? Alikufa mzee, bado anaitwa mtoto wa yule aliyetoroka.

Na msidhani ni aibu tu. Kwetu mke huzikwa penye nyumba yake. Kama Kukhu amelala pale, pale ni kwa watoto wake. Kama alitoroka, hana nyumba, na shamba lote ni la upande wa mke mkubwa.

Sasa ramani. Binti yangu aliniwekea ramani kwenye simu ili wateja wapate kibanda changu. Mimi ni mtu wa kumpigia mchungaji nikijaribu kuzima simu, lakini hii niliipenda. Niliona mabati yetu kutoka juu, hata tangi la maji. Kesho yake nikahamia Kabuchai, humo humo kwenye ramani. Nilifuata mto kwa kidole, nikapata doa la kijivu: jiwe la baba. Chini yake, katikati ya miwa, kiduara cheusi, mahali pasipolimwa. Nililia hapo kwenye cherehani, bana, sare ya mtoto wa mtu ikalowa. Nikabonyeza, nikaandika "Kaburi la Kukhu". Nilidhani najiandikia mwenyewe.

Kumbe nimewaandikia watu wote. Vijana wa bodaboda wakaanza kuelekezana hapo. Mtu nisiyemjua akapaweka nyota tano, akaongeza, "Mahali patulivu."

Halafu kuna mwingine aliyeona. Baba yangu mdogo, mtoto wa mke mkubwa, ndiye anayelima hapo, na kumbe alikuwa anakiuza kile kipande cha shamba kimyakimya. Mnunuzi alifungua ramani kutafuta barabara, akakuta kaburi, akaghairi.

Baba mdogo huyu ananiita Mayi, yaani mama, tangu nizaliwe, kwa sababu ya jina nililobeba. Siku hiyo alipopiga simu sikuwa Mayi.

"Wewe mwanamke wa Kitale, nani amekutuma?"

"Baba, si usalimie mtu kwanza?"

"Nikusalimie na umeniua? Wewe umeolewa, shamba unatafuta la nini? Kaa huko ushone!"

"Sitaki shamba. Nataka kuweka msalaba tu."

"Kauweke Cheptais!"

Kwenye grupu binamu walinimaliza. Mmoja akaandika, "Ati setilaiti imemwona Kukhu! Iulize kama imeona na akili yako." Hiyo nilicheka, ilikuwa tamu. Mwingine akaandika kwamba nikikanyaga Kabuchai nitarudi Kitale nimebebwa. Hiyo sikucheka.

Jumamosi nilienda. Kesho yake baba mdogo akatangaza kwenye grupu kwamba nimetembezwa shamba lote, hakuna kaburi, na nimeomba msamaha. Nikatolewa kabla sijajibu. Kwa hivyo najibu hapa, na kilichotokea ni hiki.

Tuliingia kwenye miwa mimi na yeye tu, binamu wakabaki njiani wakinizomea. Alikuwa na panga. Nilijiambia ni la kufungua njia. Nilifuata simu kama kuku anayefuata mahindi, mpaka ikasema ndipo hapa. Hapo palikuwa na kichuguu. Kichuguu kikubwa, cheusi, hakijalimwa. Kile kiduara changu, machozi yangu, nyota tano zote: mchwa!

"Haya, msalimie nyanya yako," akasema. "Si upige magoti?"

Nilirudi nyuma, nikitafuta pa kuficha uso, nikarudi tena nyuma.

"Mayi!" Alipiga kelele mpaka binamu wakanyamaza kule njiani. "Mayi, toka hapo! Usimkanyage!"

Nikasimama. Tukatazamana. Pale chini palikuwa na majani tu. Lakini mistari ya miwa ilikuwa imepinda, imepita kando, ikaacha nafasi ya mtu aliyelala. Miaka yote hiyo amekuwa akilima akimzunguka.

Alipangusa panga kwenye suruali ingawa halikuwa na kitu. "Ukisema nimesema, nitakataa," akaniambia. Na amekataa.

Ile alama bado iko kwenye kichuguu. Nikiisogeza hatua chache, baba yangu hatakuwa tena mtoto wa mtoro, lakini nitamuumbua mbele ya watu yule mmoja tu aliyemlinda Kukhu asiguswe na jembe. Nikiifuta, kipande kitauzwa kwa mtu atakayelima moja kwa moja, bila kumzunguka Kukhu. Jamani, msiniambie niombe, nimeomba. Niambieni kidole hiki nikiweke wapi.