Mdakaji wa Josie

Lyle Hruska alikuwa fundi wa mabomba ya kumwagilia mahindi, mtu mzito, magoti yamechoka. Hata hivyo kila jioni baada ya chakula ungemkuta uani kwake amekalia ndoo iliyopinduliwa, glavu mkononi, akimdakia binti yake Josie. Katika mji wao, kule Nebraska, kila binti anayejifunza kurusha mpira wa softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ana mzazi wake wa kukalia ndoo. Wengine hupokezana na wake zao. Lyle hakumpisha mtu, miaka minne mizima.

Msimu huu Josie alitimiza miaka kumi na mmoja, akapanda daraja. Kwa wadogo, mrushaji akikosa shabaha mara nne mbele ya mpigaji mmoja, kocha wa mpigaji huingia akamrushia mchezaji wake mwenyewe, yakaisha. Kwa wakubwa hakuna wa kukuokoa: ukikosea mara nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza, na bibi yako anatazama. Mpira wenyewe ni mkubwa zaidi, na kibao anachokanyaga mrushaji kimesogezwa nyuma. Mipira ya Josie ikawa inafika imechoka, mingine inatua vumbini njiani.

Kocha Renae, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alimvuta Lyle pembeni.

"Lyle, nisikufiche. Sheria hainiruhusu kumwacha mrushaji mmoja zaidi ya zamu tatu za mchezo, inningi tatu tu, kwa hiyo nafasi zipo. Lakini Jumamosi ikiwa hivihivi, nampeleka nyuma kabisa akachunge nyasi."

"Mvumilie, Renae. Mkono bado mchanga."

"Mchanga wapi! Mtoto ana mabega ya mjomba wake!"

Lyle alirudi nyumbani roho ikimuuma, maana kurusha ndicho kitu pekee Josie alichokitaka kwa dhati. Akaongeza mazoezi. "Sukuma kwa mguu! Zungusha mkono wote!" Josie akaitikia, "Sawa, Baba," na mpira ukaja polepole vilevile.

Jumamosi, kabla ya mechi, Renae aliwafuata akitema maganda ya alizeti.

"Nipishe hapo, mzee. Nataka niuonje mkono wake mwenyewe." Akavaa kinga ya uso, akakalia ndoo. "Haya, binti. Nirushie kama vile unanichukia."

Josie alimtazama baba yake, kisha akarusha. Glavu ililia pa! Wasichana waliokuwa wakifunga kamba za viatu wakageuka wote. Renae alivua glavu, akakung'uta vidole.

"We mtoto! Huu ulikuwa umeuficha wapi?"

Josie akachora udongo kwa ncha ya kiatu. "Baba haoni vizuri siku hizi. Mwaka jana nilimpiga begani kwa mpira, akasema si kitu. Kesho yake Mama ndiye aliyemvalisha shati. Basi nikawa narusha taratibu, mpaka mkono ukazoea."

Lyle alitamani ardhi immeze. Alidhani habari za macho yake na lile bega ni siri yake na mkewe. Kumbe yeye mwenyewe, kwa mapenzi yake yote, ndiye aliyekuwa akimrudisha mtoto nyuma, jioni baada ya jioni.

"Usinionee huruma tena," akasema. "Mimi si yai."

"Sasa nani atanidakia?"

"Kocha wako ana vidole kumi."

"Tisa," Renae akasema, akikipuliza kimoja. "Lakini vinatosha. Njoo kwangu Jumatatu."

Josie alipewa arushe inningi ya pili. Lyle alikwenda kusimama nyuma ya wavu pamoja na wazazi wengine, mikono haijui ikae wapi. Kwa mpigaji wa kwanza alikosea mara nne, mpigaji akatembea bure, na Lyle akaushika wavu kwa nguvu. Akaja wa pili. Josie akavuta pumzi, mkono ukazunguka.

Lyle hakuuona mpira kabisa. Alisikia tu glavu ikilia na mwamuzi akipaza sauti kwamba ni mzuri, naye akalia mbele za watu, bila kujali nani anamtazama.